Msomaji Hana Dadu Mkononi

Raundi moja ya mapigano katika Dungeons & Dragons ya leo, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza shujaa wake na dadu huamua matokeo, ni sekunde sita. Mashujaa wanne wakikutana na zimwi moja, mara nyingi kazi huisha ndani ya raundi tatu, yaani sekunde 18. Sasa mpe kalamu mtu aliyeupenda mchezo huo. Kila shujaa ana zamu yake na zimwi lina yake: zamu tano kwa raundi, mara tatu, zamu 15. Kila zamu akiipa maneno 120, ambayo si mengi, sekunde 18 zimeshakula maneno 1,800. Hizo ni kurasa sita. Na riwaya za namna hii hazina pambano moja. Zina kumi na tano, ishirini.

Ndiyo maana maoni ya wasomaji juu ya riwaya za fantasia zilizozaliwa kwenye meza ya mchezo yanafanana mno hata vitabu vyenyewe vikiwa havifanani. Yanafanana zaidi pale mwandishi alipojichapishia mwenyewe, bila mhariri wa kumshika mkono. Anayetoa nyota moja analalamika kwamba vita haviishi, kwamba alijiona kama mtu anayesimuliwa mchezo wa watu wengine. Anayetoa nyota tano anasifu ulimwengu wa kitabu: umefikiriwa mpaka bei ya mafuta ya taa sokoni. Mwandishi anasoma yote mawili na kuduwaa. Usiku lile zimwi lilipoanguka, meza nzima iliinuka ikapiga kelele. Imekuwaje msomaji apige miayo?

Anayecheza bao hahitaji kuelezwa sana. Nenda barazani jioni uone watu walivyoyainamia yale mashimo 32 na kete 64, mmoja anatakata, waliobaki wanahesabu kimoyomoyo kete ya mwisho itaangukia wapi. Kesho yake msimulie jirani ambaye hakuwepo: nikanamua shimo la tatu, nikala, nikaanzia kichwani, nikala tena. Atakusikiliza kwa adabu tu. Jana utamu ulikuwa kwamba hakuna aliyejua kete itaishia wapi. Leo kete zimeshalala.

Kwenye michezo ya kuigiza wahusika, shaka hiyo ina hesabu yake, na inafaa kuiona kwa tarakimu ili ijulikane ni nini hasa kinachopotea njiani. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, zimwi la kawaida lina kinga ya 11, namba ambayo anayelipiga lazima aifikie, na pointi 59 za uhai, zinazopungua kila linapopatwa. Mpiganaji wa leveli ya pili au ya tatu hurusha dadu ya pande 20 na kuongeza 5, kwa hiyo dadu ikionyesha 6 au zaidi amelipata: nafasi 15 kati ya 20, asilimia 75. Upanga wake hutoa dadu ya pande nane na 3 juu yake, wastani wa 7.5. Gawanya 59 kwa 7.5, utaona zimwi halianguki mpaka lipatwe kama mara nane. Upande wa pili, rungu la zimwi hutoa dadu mbili za pande nane na 4 juu yake, wastani wa 13, na mchawi wa leveli ya pili ana pointi kama 14. Pigo moja la kawaida linamwachia pointi moja. Mchezaji ambaye amemlea mchawi huyo miezi minane anaitazama dadu ikibingirika, na mate hayapiti kooni.

Chukua hesabu hiyohiyo uihamishie kwenye karatasi kama ilivyo, utapata maandishi ya namna hii:

“Upanga wa Doran ulilichana zimwi begani. Zimwi likanguruma. Mshale wa Sela ukalipata pajani. Zimwi likanguruma tena. Kasisi akazungusha rungu lake, akakosa. Mchawi akatabana, moto ukaliunguza zimwi kifuani. Zimwi likamgeukia Doran, likampiga, akayumba lakini hakuanguka. Doran akainua tena upanga wake.”

Kila sentensi hapo ni zamu ya mtu. Unaweza kuwahesabu wachezaji bila kuwaona. Unajua hata nani alipata dadu kubwa ya kuanza. Msomaji asiyejua pointi za uhai ni kitu gani anauliza swali la haki kabisa: kiumbe aliyechanwa, akatobolewa, akachomwa moto, mara saba, bado amesimama kwa sababu gani? Na asipolipata jibu, kuanzia pambano la pili haogopi tena. Ameshajifunza kwamba katika kitabu hiki panga hazikati.

Waasisi wenyewe hawakukusudia pointi hizo ziwe nyama na damu. Gary Gygax, katika mwongozo wa msimamizi wa mchezo uliotoka mwaka 1979, alieleza kwamba sehemu kubwa ya pointi za mpiganaji hodari ni ustadi, bahati na mengineyo ya namna hiyo. Uwezo wa mwili kustahimili majeraha ni sehemu ndogo. Waandishi wengi wanaojichapishia wamecheza miaka na miaka bila kuzingatia maelezo hayo, kwa sababu mezani hayana kazi: namba inapungua, basi. Kwenye karatasi ndiyo yenye kazi yote. Pigo linaloingia mwilini ni moja, la mwisho. Saba yaliyotangulia ni pumzi inayokatika, ubao wa ngao unaopasuka, mguu unaorudi nyuma mpaka kisigino kiguse ukuta. Pambano lilelile, maneno machache:

“Rungu lilikikosa kichwa cha mchawi, likaipasua nguzo, na vumbi la chokaa likamjaa machoni. Tabano lililobaki kichwani mwake lilikuwa moja. Akilitamka hapa, Doran atapona, na mlango wa chini hautafunguka tena.”

Hakuna dadu hapo, lakini msomaji ameshikishwa kitu badala yake: kuna uamuzi, kuna gharama, na hajui mtu huyu atachagua nini. Mezani kazi ya kuleta shaka hufanywa na dadu, kwa hiyo msimulizi wa mchezo anaweza kuwa mvivu na usiku ukanoga vilevile. Kwenye kitabu mfanyakazi huyo hayupo, na mwandishi akisahau kuifanya kazi yake, nafasi inabaki wazi. Malalamiko mengi yanayoandikwa kwa maneno mengine (“wahusika wamekaa kama mbao,” “hakuna kilichonishika”) ukiyafuatilia hadi ukurasa yalipoanzia, unakuta pale pale palipokuwa na dadu.

Wapo waliojaribu kuzibeba dadu waziwazi. Andre Norton, mwandishi Mmarekani aliyekuwa ameshaandika vitabu vingi, alialikwa na Gygax kucheza mwaka 1976, na mwaka 1978 akatoa Quag Keep, riwaya ya kwanza iliyotokana na mchezo huo. Wahusika wake wana bangili zilizofungiwa dadu. Hatari ikikaribia, dadu zinazunguka zenyewe mkononi. Ni wazo la ajabu, na wasomaji mpaka leo hawakubaliani kama ni la kipumbavu au la busara. Binafsi naliona la busara kuliko linavyopewa sifa. Anayevaa bangili inayozunguka anajua kwamba kuna mkono mwingine unaomwendesha, na hofu hiyo ni ya kwake, si ya mchezaji aliyeketi nje ya kitabu akila karanga.

Mbegu hiyo ilichipua mbali. Korea Kusini ilikuwa na riwaya za watu waishio ndani ya mchezo wa kompyuta, mashuhuri kati yake ikiwa The Legendary Moonlight Sculptor iliyoanza mwaka 2007. Urusi ikaipa aina hiyo jina la LitRPG mwaka 2013. Tovuti ya Royal Road, ambako leo maelfu ya waandishi hutoa sura baada ya sura mithili ya zile hadithi za magazetini za “itaendelea wiki ijayo,” ilianza kama mahali pa mashabiki kutafsiri riwaya hiyo ya Kikorea, na jina lake ni la mchezo uliomo ndani yake. Humo namba hazifichwi. Mhusika akiua kibwengo, maandishi yanatokea mbele yake: umepata pointi kadhaa, nguvu zako zimepanda kutoka 14 hadi 15. Msomaji wa kawaida akifungua ukurasa huo anadhani amekosea, amefungua daftari la mhasibu. Msomaji wa LitRPG ndicho alichofuata.

Hapa ndipo inapodhihirika kwamba shida haikuwa namba. Ukiyasoma maoni ya wapenzi wa aina hii kwa makini, malalamiko yao ni ya mkaguzi wa mahesabu. Sura ya 12 mhusika alikuwa na pointi 40 za nguvu za kichawi na tabano lake linagharimu 15; sura ya 13 amelitabana mara tatu bila kupumzika. Mara tatu ni 45. Mwandishi aliyeteleza hapo atajulishwa na watu kumi kabla jua halijazama, na wana haki. Katika riwaya ya namna hii hesabu ndiyo ahadi: ikiwa pointi 40 zinaweza kununua matabano matatu ya 15, hakuna kitu kinachoweza kuisha, na pasipo kuisha hakuna hatari. Kwa hiyo wanaoijua kazi hufungua jedwali la kompyuta kabla ya sura ya kwanza, safu moja kwa kila sura, nguzo moja kwa kila namba ya mhusika, na hawaandiki sentensi ya mapigano kabla ya kujaza safu.

Kosa la pili lao ni kurudia jedwali zima. Mhusika mwenye mistari 40 ya sifa, uwezo na vifaa anapandishwa leveli, na mwandishi anachapa mistari yote 40 ili kuonyesha mitatu iliyobadilika. Kwenye karatasi jicho linaruka. Kwenye kitabu cha kusikilizwa halina pa kurukia: msomaji wa studio akitumia sekunde nne kwa mstari, ni dakika mbili na sekunde 40 za namba, huku msikilizaji yuko barabarani ameshika usukani. Dawa yake ni ndogo hata inatia aibu kuitaja: chapa mitatu iliyobadilika, na lile jedwali zima liweke mwisho wa kitabu.

Nirudi kwa wale wanaoficha dadu zao, maana ndio wengi na ndio wanaochekwa. Msomaji aliyewahi kucheza huziona dadu hata zikiwekwa chini ya zulia. Anaziona kwenye ujenzi: ramani za zamani za mchezo zilichorwa kwenye karatasi ya mirabaraba, kila mraba futi 10, na za sasa kila mraba futi 5, kwa hiyo mapango ya riwaya yana korido za upana wa futi 10 na kumbi za 30 kwa 40, kana kwamba majoka yote duniani yalimwajiri fundi mmoja. Anaziona kwa kasisi mpiganaji anayekataa kugusa kisu hata cha kukatia mkate, kwa kuwa sheria za matoleo ya mwanzo zilimkataza silaha zenye makali na kumwachia rungu. Katika riwaya hakuna aliyeeleza mungu gani huyo anayechukia makali lakini hana neno na kichwa kilichopondwa. Jambo lenye utamu kama hilo, linaloweza kubeba sura nzima ya dini na unafiki, linapita kama desturi ya kawaida kwa vile mwandishi mwenyewe ameshalizoea.

Na anaziona zaidi kwa mchawi anayesahau. Katika mchezo, hasa matoleo ya zamani, mchawi huandaa matabano yake asubuhi, na akilitamka moja linafutika kichwani mpaka alale tena. Kanuni hiyo ilikopwa kwa Jack Vance, aliyeitumia kwenye hadithi zake za The Dying Earth, kitabu cha mwaka 1950. Kwa Vance ni kitu cha kutisha na kuchekesha kwa pamoja: matabano ni mazito mno kwa akili ya binadamu, kuyabeba machache tu ni mateso. Mchezo ulichukua mbinu ukaacha mateso. Kisha mwandishi anayejichapishia akachukua kutoka kwenye mchezo, hajui mzigo uliachwa kituo gani, na akatuletea kikosi kinachosimama katikati ya uvamizi wa jiji ili mchawi alale kwa muda wa saa nane. Msomaji mchezaji anacheka kwa kuwa anaijua sheria. Msomaji asiye mchezaji anacheka kwa kuwa jiji linaungua.

Kanuni ngeni si lazima itupwe. Inatakiwa ipewe sababu ya humo humo kitabuni na imgharimu mtu kitu. Mchawi anayesahau, ambaye safari hii tabano alilolitamka limeondoka na sura ya mama yake, hachekwi na mtu.

Kuna jingine linalowakwaza wasomaji, la majina, na hili lina upande wa sheria. Mchezo ulipotoka mwaka 1974 huko Lake Geneva, Wisconsin, ulitumia bila wasiwasi neno “hobbit” la mwandishi Tolkien, jina la watu wafupi wa hadithi zake; miaka michache baadaye, wenye haki walipolalamika, viumbe hao wakabatizwa upya “halfling.” Leo kampuni inayoumiliki mchezo huo, Wizards of the Coast, imeachia sehemu ya sheria zake, hati iitwayo SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023: unaweza kuzitumia hata kibiashara mradi utaje chanzo. Lakini viumbe wake maarufu kadhaa, yule mpira wenye jicho kuu na vijicho vya juu aitwaye beholder, na yule mla ubongo mwenye minyiri, hawamo kwenye orodha ya viumbe iliyoachiwa. Waandishi wanalijua hilo nusu, hivyo wanamchukua beholder mzimamzima na kumwita “Mwangalizi wa Giza.” Wakili labda ataridhika, labda hataridhika. Msomaji haridhiki kabisa. Anahisi anafanywa mtoto. Ni afadhali kuuliza kiumbe yule alikuwa na kazi gani mezani (kuona kila upande, hivyo huwezi kumnyemelea) na kubuni kingine chenye kazi hiyohiyo. Ngome yenye kasuku elfu mbili waliofundishwa kusema walichokiona ingekuwa na kazi hiyo, na haina mwenyewe.

Atakayeandika kwa Kiswahili ana mitego yake ya ziada. Elf, kiumbe mfano wa binadamu wa riwaya hizi, akiandikwa kwa sauti ya Kiswahili anakuwa elfu, na jeshi la elfu elfu tatu halisomeki. Mchawi kwetu ni mtu mbaya tangu asubuhi, hana chuo wala shahada. Anayeponya ni mganga. Sina hakika kwamba huo ni upungufu. Ni nafasi ambayo meza ya Wisconsin haikuwa nayo.

Ugeni peke yake wasomaji huusamehe, na ushahidi uko kwenye vitabu vinavyodumu. Mwaka 1970, miaka minne kabla mchezo haujatoka, jarida dogo la mashabiki huko Missouri lilichapa hadithi ya The Eye of Argon, ya kijana wa miaka 16. Ni hadithi ya shujaa mwenye misuli iliyojaa vivumishi vya kupindukia na makosa ya chapa. Ikawa mchezo kwenye makongamano ya wapenzi wa fantasia: unaisoma kwa sauti kama ilivyochapwa, makosa yote, na ukicheka tu unampa mwenzako zamu. Zaidi ya nusu karne baadaye ingali inasomwa. Waandishi wanaojichapishia huitaja kwa hofu, kana kwamba ni kaburi linalowasubiri. Lakini kitabu kibaya tu hakisomwi miaka hamsini. Kinasahaulika wiki ya pili. Ile hadithi ina imani kamili na kila sentensi yake, na imani hiyo ndiyo inayochekesha na ndiyo inayowafanya watu wairudie. Kitabu kilichoandikwa kizembe hakina hata hilo.

Upande wa waliofaulu kuna Legends & Lattes ya Travis Baldree, aliyekuwa akijulikana kama msomaji wa vitabu vya kusikilizwa. Aliichapisha mwenyewe Februari 2022, na kabla mwaka haujaisha kampuni ya Tor ikaitoa upya. Baadaye ikaingia fainali za tuzo za Hugo na Nebula. Wazo lake likisemwa kwa ufupi ni kichekesho: askari wa kukodiwa, jitu la kike la kabila la orc, anachoka na upanga na kwenda kufungua duka la kahawa katika mji usiojua kahawa ni nini. Pambano la aina ya mezani limo mwanzoni, linakwisha upesi, na kinachobaki ni mbao, jiko, mwokaji, wateja wanaonusa kikombe kwa mashaka. Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba hakuna kinachotokea. Wengi zaidi wamekipenda, na nadhani naona kwa nini: swali la kama duka litapata wateja kesho halihitaji dadu ili lieleweke. Kila aliyewahi kufungua genge analijua.

Sehemu kubwa ya maoni makali, hata hivyo, haitokani na kitabu kizima. Inatokana na sampuli. Kwenye Kindle, kisomeo cha vitabu cha Amazon, msomaji huonjeshwa bure takriban asilimia 10 ya mwanzo. Kitabu cha kurasa 400 kinampa kurasa 40. Sasa hesabu zinavyotumika katika riwaya ya kawaida ya aina hii: ramani mbili, orodha ya miungu, kalenda ya miezi 13, orodha ya maana za maneno, kisha dibaji ya vita vilivyotokea miaka 3,000 iliyopita. Kurasa 38. Mhusika mkuu anaamka ukurasa wa 39, kwenye kilabu cha pombe, na sampuli inakatika hajavaa viatu. Msomaji hakukataa hadithi, hakuonyeshwa. Vyote hivyo vikihamishiwa mwisho, hakuna aliyepungukiwa, na mpenzi wa kalenda atazikuta akiwa na hamu nazo tayari. Ramani nayo, iliyochorwa kwa kompyuta yenye kioo kikubwa, kwenye kisomeo cha inchi sita inageuka kuwa utando wa buibui. Igawe mara nne, au uandike majina kumi tu.

Kitabu cha karatasi kina lake. Riwaya za mezani ni nene, na mwandishi anaacha pambizo la ndani lilelile la kijitabu. Amazon inataka angalau inchi 0.75 upande wa mshono kwa kitabu cha kurasa 501 hadi 700, na hicho ni kima cha chini. Anayetumia kima cha chini atapata msomaji anayelazimika kukibana kitabu kwa mikono miwili ili aone mwanzo wa mistari, na mtu aliyechoka vidole hatoi nyota ya nne.

Yapo pia maoni yasiyofaa kutegemewa, na hayo ndiyo mwandishi huyapenda: ya wachezaji wenzake. Wao wanasoma na picha zao kichwani. Pale kitabu kinaposema tu “Doran akacheka,” wao wanakisikia kicheko cha rafiki yao wa Jumamosi, na hakuna mstari utakaowaonyesha kwamba Doran wa kwenye karatasi hana sauti. Hata Amazon hairuhusu maoni ya ndugu na marafiki wa karibu wa mwandishi, ingawa hilo halizuii watu kujaribu; msomaji mzoefu huwatambua, kwa kuwa wanawasifia wahusika kwa mambo ambayo hayamo kitabuni.

Wanaofaa ni watu watano au sita ambao hawakuwepo mezani, nusu yao wasiojua dadu ya pande 20 inafananaje. Wasiulizwe kama wamekipenda, maana watadanganya kwa heshima. Waombwe jambo moja: kila wanapokiweka kitabu chini, wapige mstari kwa penseli pale walipoishia na kuandika saa. Mstari ukiangukia mwisho wa sura, mtu alipata usingizi. Watatu kati ya sita wakipiga mstari katikati ya ukurasa uleule, fungua daftari la mchezo utafute usiku ule. Mara nyingi utakuta pambano, raundi ya pili, zamu ya mtu ambaye siku hiyo alikosa.